Mama na Mlima wa Gatini

Enzi zetu mlima ulikuwa mlima. Nawaandikia ninyi wa rika langu, mliokula fulu, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukausha na ugali wa mtama, mliochapwa shuleni kwa kuchelewa na kisha mkachapwa nyumbani kwa sababu mlichapwa shuleni. Ninyi mnaikumbuka Homa Bay kabla ya lami. Mnaikumbuka ile barabara iliyotoka gatini, pale meli zilipotia nanga, ikapita kwenye maduka ya Wahindi, kisha ikajitupa juu moja kwa moja kuelekea miguuni mwa mlima Asego kana kwamba aliyeichora alikuwa na haraka na hakujua kwamba barabara inaweza kukunja kona.

Sisi watoto tuliiita Vunja Goti. Ilikuwa ya udongo mwekundu wa murram, na mvua ya masika iliichimba mifereji ambayo mtoto wa miaka mitano angeweza kujificha ndani yake. Lori likipanda, utingo alitembea nyuma na gogo mkononi ili injini ikizimika alitupe chini ya gurudumu kabla lori halijarudi ziwani kinyumenyume. Mwanamke akidondosha chungwa karibu na ofisi za serikali, hakujisumbua kulifuata. Alijua wavuvi watalila. Wanaume wenye baiskeli, na hawakuwa wengi, walifika chini ya Vunja Goti, wakashuka kwa heshima zao, wakazisukuma huku wameinamisha vichwa kama watu wanaosindikiza jeneza. Hakuna aliyewahi kuipanda barabara ile akiwa amekaa juu ya kiti. Hilo lilijulikana kama inavyojulikana kwamba ziwa lina maji.

Tulicheza kwenye mteremko huo huo. Tuliteleza juu ya vipande vya bati kuukuu hadi nguo zikatoboka pale ambapo hazikupaswa kutoboka. Tulisukuma ringi za magurudumu kwa vijiti, na ringi ikikushinda mbio ulisikia tu mtu akipiga kelele huko chini sokoni, ukajua imefika. Tulibeba maji kichwani, mara mbili asubuhi na mara moja jioni, kutoka ziwani hadi nyumba za juu. Leo mjukuu wangu akipanda ngazi hadi ghorofa ya pili anaitazama simu yake imwambie amepiga hatua ngapi, kisha anapumzika.

Tulikuwa pacha, wasichana wawili. Mimi ni Apiyo, niliyetangulia kuzaliwa, na mwenzangu ni Adongo, aliyenifuata. Kwa sababu hiyo watu walimwita mama yetu Min Apiyo, mama wa Apiyo, jambo ambalo Adongo hajanisamehe hadi leo. Baba alikuwa mtu wa Sori, aliyezaliwa karibu sana na maji hivi kwamba nchi kavu haikumtosha. Alifanya kazi melini, akipakia na kupakua mizigo bandari hadi bandari, na nyumbani tulimwona siku mbili au tatu kila baada ya wiki mbili. Mama alizaliwa upande wa Rodi Kopany, kwa wakulima. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya chini, na alikuwa mkunga. Kazi yake ilikuwa katika nyumba ndogo ya kujifungulia iliyokuwa juu kabisa, mahali Vunja Goti ilipoishia. Kutoka hapo barabara ilinyooka, ikauzunguka mlima kwa maili kadhaa kati ya maboma ya watu, na wanawake wa huko wote walijifungulia mikononi mwake. Sisi tulikaa chini, karibu na gati. Kwa hiyo karibu kila siku ya maisha yake mama aliupanda mlima ule kwa miguu, mkoba wa dawa begani.

Na tulikuwa na baiskeli. Ndiga, kama tulivyoiita kwa lugha ya nyumbani. Ilikuwa nyeusi, ndefu, ya kiume, yenye mtaimbo mbele ya kiti na kengele iliyolia kama ya kanisani. Baba aliinunua mwaka ambao bendera mpya ilipandishwa, na aliipenda hivi kwamba hakutaka ichafuke. Ilisimama sebuleni, kati ya kabati na kiti chake, imefunikwa kwa kitambaa cheupe alichokifuma mama. Wageni walikaribishwa, wakakaa, wakaitazama. Baba akiwa nyumbani aliitoa siku ya Jumapili, akaiendesha hadi kanisani ufukweni, mahali tambarare, akarudi, akaipangusa, akaifunika.

Mimi na Adongo tuliiendesha kila Jumanne na kila Jumatano, mama akiwa kazini. Tulikuwa na miaka kumi na moja. Miguu yetu haikufika, basi tulipitisha mguu mmoja katikati ya fremu na kukanyaga tukiwa tumejipinda upande kama kaa. Mmoja aliendesha na mwingine alikimbia nyuma akishika karia, tukibadilishana. Ilikuwa siri kubwa, kwa maana msichana hakupanda baiskeli. Walisema msichana akipanda baiskeli hatazaa. Walisema atakuwa na miguu ya kiume. Walisema mengi. Tulikuwa tunarudi, tunaipangusa hadi spoki za mwisho, tunatandaza kitambaa, na mama akiingia anatukuta tunachambua mboga kama malaika.

Sasa nifike kwenye lile ambalo sijaliandika popote.

Alhamisi moja, siku ya mama kupumzika, tulikuwa uani tukimsaidia kuchagua mawe kwenye dagaa wa omena. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, jua limesimama juu ya vichwa. Kijana mmoja akaja akikimbia kutoka juu, akiwa hana shati. Alikuwa mume wa Nyar Kano. Jina hilo lilimaanisha tu binti wa kutoka Kano, na ndilo alilopewa alipoolewa kule nyuma ya mlima mwaka uliotangulia. Alikuwa na miaka kumi na tisa hivi, mwenye kucheka ovyo, na alitupenda mimi na Adongo kwa sababu alisema hakuwahi kuona watu wawili wenye uso mmoja. Mume wake alisema uchungu umeanza tangu asubuhi na mtoto anatanguliza miguu.

Mama hakumaliza kumsikiliza. Alichukua mkoba akaondoka. Tulimfuata hadi barabarani, tukamtazama akiupanda. Alijaribu kukimbia. Alikimbia hadi duka la kwanza, akatembea, akakimbia tena kidogo, akasimama mkono kiunoni, akaendelea. Ilichukua muda mrefu sana kabla hajatoweka juu. Na juu ndipo palikuwa mwanzo tu, maana bado kulikuwa na ile njia ndefu ya kuzunguka mlima.

Alirudi jua likiwa linazama.  Alinawa, akakaa kwenye kiti cha baba, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na chakula tulichompa kikapoa. Mwishowe alituambia kwamba Nyar Kano yu hai. Kisha akasema mtoto alikuwa ameshatoka alipofika, mvulana mzuri, mzito, na bado alikuwa na joto. Alisema angefika robo saa mapema mtoto angekuwa analia sasa hivi. Alilisema hilo kama mtu anayetaja bei ya chumvi, na ndivyo tulivyojua kwamba lilikuwa limemvunja.

Asubuhi yake, kabla ya kwenda kwenye maziko, alisimama mbele ya baiskeli. Akakitoa kile kitambaa cheupe, akakikunja mara nne, akakitia mkobani. Kisha akatugeukia.

"Najua mnaiendesha," alisema. "Kila mara kitambaa mnakirudisha kichwa chini. Nikirudi, mtanifundisha."

Akaenda. Adongo, ambaye alikuwa ameshaanza kulia kwa kutarajia fimbo, alilazimika kuacha katikati.

Tulimfundisha kwenye uwanja wa nyasi karibu na ziwa, alfajiri, wakati viboko walikuwa wamerudi majini na watu hawajatoka. Alivaa kaptura ya baba chini ya gauni, na gauni akalifunga kiunoni kwa kamba. Nimefundisha shule miaka thelathini na minne, na sijapata mwanafunzi mgumu kama mama. Aliogopa. Mwili wake ulikuwa mzito na mikono yake, ambayo ilipokea mamia ya watoto kwa upole, iliukaba usukani kama shingo ya kuku. Mimi nilishika karia, Adongo akashika usukani, na bado alianguka kama gunia la mahindi, na sisi chini yake. Siku ya tatu alianguka kwenye matope, akabaki amelala chali akitazama juu. Tukadhani amevunjika. Kumbe alikuwa anacheka, kicheko cha tumboni kisicho na sauti. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile.

Aliendelea kutuambia tusimwachie. Siku ya tisa au ya kumi tulimwachia bila kumwambia. Alizunguka uwanja wote akitupa maelekezo ya kushika vizuri, hadi alipotuona mbele yake, wote wawili, tumekaa kwenye jiwe.

Wiki iliyofuata alianza kwenda nayo kazini. Vunja Goti aliipanda akiisukuma, kama wanaume, na akifika juu alipanda akazunguka mlima. Safari ya saa nzima ikawa ya dakika chache. Wanawake wa kule nyuma waliisikia kengele kabla hawajamwona, wakajua amefika.

Ninyi wa rika langu mnajua kilichofuata. Wanaume wa barazani kwenye duka la Mhindi walisimamisha mchezo wao wa bao, ajua, kila alipopita. Wengine waliuliza kwa sauti kama baba alikufa majini. Shuleni tulitungiwa wimbo, na mimi na Adongo tulipigana na darasa zima la tano, tukashindwa, tukapigana tena kesho yake. Hata wanawake, na hili liliuma zaidi, walivuta khanga mdomoni wakamgeuzia mgongo. Walewale aliowashika mikono wakati wa uchungu.

Jumapili moja baada ya ibada, wazee wa kanisa letu walimwita mbele. Msemaji wao alikuwa Jaduong' Ezra, yaani Mzee Ezra, mtu mrefu, mkavu, mtu mwaminifu kwa kweli, ambaye hakuwahi kumdhulumu mtu hata punje. Nasema hivyo ili msidhani alikuwa mbaya. Aliamini tu kwamba dunia ina mpangilio na yeye ameachiwa kuulinda. Alizungumza muda mrefu kuhusu mavazi, kuhusu haya, kuhusu mabinti wanaotazama. Watu walikuwa wamejaa hadi madirishani. Kisha akamuuliza swali ambalo lilizunguka mji mzima.

"Min Apiyo, je, umeamua kuwa mwanamume?"

"Hapana, Jaduong'," mama alisema. "Nimeamua kufika."

 Walimpa nafasi ya kutubu, akasema hajui atubu nini. Basi wakamtenga na meza ya Bwana hadi atakapoiacha baiskeli, na wakamwondoa kwenye uongozi wa akina mama. Jumapili iliyofuata alikuja kanisani akiwa juu ya baiskeli ile, akaiegemeza kwenye ukuta nje ya mlango, akaenda kukaa benchi la nyuma pamoja na mlevi mmoja na msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa. Sisi tulikwenda kukaa naye. Hakutuita, wala hakutufukuza. Alipoimba, aliimba kwa sauti ileile ya siku zote.

Ndipo meli ya baba ikarudi.

Jaduong' Ezra alimpokea gatini, hata kabla hajatusalimia sisi. Tuliwaona wakiongea, baba ameinamisha kichwa. Alipoingia nyumbani alikuta baiskeli iko mahali pake, imepanguswa, lakini magurudumu yana vumbi jekundu kwenye mikunjo na fremu ina mikwaruzo. Aliitazama muda mrefu. Baba hakuwa mtu wa maneno.

"Kitambaa kiko wapi?" aliuliza.

"Nilimfunikia mtoto wa Nyar Kano," mama alisema. "Wamemzika nacho."

Baba aliketi. Mama akamsimulia yote, kuanzia omena hadi benchi la nyuma, bila kulalamika na bila kuomba radhi. Alipomaliza baba alitoka nje, akakaa mbele ya maji hadi giza likaingia. Nilidhani ameelewa. Lakini kesho yake alikwenda dukani, akarudi na mnyororo na kufuli. Akaufunga mnyororo kwenye gurudumu la nyuma na fremu, akatia ufunguo mfukoni. Alisema tu kwamba hawezi kuchekwa katika kila bandari ya ziwa hili. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba, wala si ya mtu anayeamuru, na labda ndiyo sababu mama hakumjibu.

Kwa siku mbili mama alipanda kwa miguu. Watu waliona. Wale wa barazani walimpungia mikono kwa upole, na upole huo ulikuwa mchungu kuliko matusi yao.

Siku ya tatu meli ilikuwa iondoke saa nne asubuhi. Baba aliaga, akaenda. Mama alimaliza kunywa uji, akaosha kikombe, akavaa kaptura ya baba chini ya gauni, akachukua mkoba. Kisha akainua baiskeli kwa nyuma, ili gurudumu lililofungwa lisiguse chini, akaanza kuisukuma kwa gurudumu la mbele. Ilikuwa nzito. Adongo na mimi tulishika karia, mmoja upande huu na mwingine upande ule, tukainua naye. Ndivyo tulivyofika gatini, watatu tumebeba baiskeli kama mgonjwa.

Gati lilikuwa limejaa. Ilikuwa siku ya soko, na palikuwa na marobota ya pamba, magunia ya karanga, mbuzi, wanawake wa samaki na vikapu vyao vya ngege, abiria na waliowasindikiza. Jaduong' Ezra alikuwepo, alikuwa anampeleka mwanawe Kisumu. Watu walitupisha. Baba alikuwa kwenye ubao wa kupandia meli, gunia mgongoni. Mama aliiegemeza baiskeli kwenye mwili wake, akanyoosha mkono.

"Wuon Apiyo," alisema, baba wa Apiyo, kwa jina la heshima alilomwita siku zote. "Naomba ufunguo."

Baba alimwambia kwa sauti ndogo kwamba wataongea akirudi.

"Wanaojifungua hawatakusubiri urudi," alisema mama.

Honi ya meli ikalia. Kwa muda wote ule mrefu wa honi, mama hakushusha mkono. Sikuwahi kuogopa hivyo. Niliogopa kwamba baba atamgeuzia mgongo apande melini, na nilijua kwamba akifanya hivyo, nyumba yetu haitakuwa nyumba tena hata wakiendelea kulala ndani yake. Nilitazama uso wake. Alitazama wenzake juu ya meli, akamtazama mzee wa kanisa, kisha akatazama miguu ya mama iliyokuwa na vumbi jekundu hadi magotini.

Alishusha gunia. Akateremka kwenye ubao ule, akapiga magoti kwenye saruji mbele ya watu wote, mbele ya mke wake, akafungua kufuli kwa mkono wake mwenyewe. Akaukunja mnyororo, akautia mfukoni, akarudi kuchukua gunia lake. 

Mama hakuwa na haja ya kuupanda mlima ule juu ya kiti siku ile. Angeweza kuisukuma kama alivyoisukuma siku nyingine, kama walivyoisukuma wanaume wote wa mji, na hakuna ambaye angemcheka zaidi. Lakini alipanda palepale gatini, akapiga kengele mara moja ili watu wapishe, akaanza.

Mimi na Adongo tulikimbia nyuma. Kwenye maduka alienda vizuri. Vunja Goti ilipoanza kuinuka, alifanya kitu tulichomfundisha sisi wenyewe, tulichokigundua siku za Jumanne: hakuikabili moja kwa moja. Alikata kutoka ukingo huu hadi ukingo ule, akageuza, akakata tena, kama mtu anayeshona. Kila mshono ulimpandisha hatua tano au sita. Wale wa barazani walisimama. Hakuwatazama. Alinyanyuka kwenye kiti, uzito wake wote, ule uzito tuliousumbukia uwanjani, sasa ulikuwa unasaidia, unashuka kwenye pedeli moja kisha nyingine, na mnyororo wa baiskeli ulilia kana kwamba unakatika.

Katikati, pale mfereji mkubwa ulipokata barabara, gurudumu la mbele liliteleza. Baiskeli ikalala upande. Nilinyoosha mkono nishike karia.

"Usiguse," alisema, bila kugeuka.

Sijui alisimamaje. Alisimama. Nikagundua kwamba hatukuwa sisi wawili tu nyuma yake. Wanawake wa samaki walikuwa wameacha vikapu vyao chini kwa mbuzi na paka, na walikuwa wanapanda pamoja nasi, kando ya barabara, wakitembea haraka, bila kuimba na bila kupiga vigelegele. Na kutoka juu akawa anateremka Nyar Kano, na alipotufikia aligeuka akatembea sambamba na gurudumu, karibu lakini bila kuligusa. Nilisikia pumzi tu, pumzi za watu wengi, na murram ikisagika.

Alifika juu. Ningependa kuwaambia kwamba alisimama akatazama ziwa, ila hakusimama. Alikaa kwenye kiti, akanyoosha usukani, akaingia kazini kwake, kwa maana kulikuwa na mwanamke ndani aliyekuwa na uchungu tangu alfajiri. Sisi ndio tuliotazama nyuma. Meli ilikuwa imeshaondoka gatini na ilikuwa ndogo, na kwenye ukingo wake wa nyuma palikuwa na mtu amesimama peke yake, hajashika kazi yoyote.

Wiki mbili baadaye baba alirudi. Aliweka juu ya meza kifurushi kidogo cha karatasi ya kaki. Ndani yake mlikuwa na mipira mipya ya breki, jozi mbili.

"Kupanda umeweza," alimwambia mama. "Lakini kushuka na breki zile za zamani, utaniachia hawa pacha peke yangu."

Akaifunga mwenyewe, na Jumapili hiyo alitembea kwenda kanisani kwa miguu, kando ya baiskeli, mama akiwa juu yake akiendesha polepole ili wasiachane.

Adhabu ya kanisa haikuwahi kufutwa. Hakuna barua iliyosomwa wala maombi yaliyofanywa. Mama hakutubu, na Jaduong' Ezra hakuomba radhi. Ila siku moja, mwaka ukiwa umepita, mama aliinuka kutoka benchi la nyuma katikati ya ibada, akatembea hadi mahali pake pa zamani, akaketi. Mkate ulipopitishwa akachukua. Mzee alimtazama, kisha akatazama kitabu chake cha nyimbo. Nyar Kano alizaa tena mwaka huohuo, msichana, na safari hii kengele ililia kwenye boma lao mapema, mapema hata maji yalikuwa hayajachemka. Na mimi na Adongo tukaanza kuendesha mchana kweupe. Adongo alishuka Vunja Goti bila breki kwa kiburi, akapoteza meno mawili ya mbele, na tangu siku hiyo watu wakaweza kututofautisha.

Baba na mama wamelala Sori sasa, karibu na maji. Mimi niliolewa Migori, nikafundisha huko, nikastaafu huko. Desemba iliyopita nilikwenda Homa Bay na mjukuu wangu Adhiambo, msichana wa chuo kikuu, mwerevu, mwenye kucha ndefu. Nilitaka kumwonyesha. Wenzangu, fulu hakuna tena ziwani. Maduka yamegeuka mabenki. Tulifika gatini akaita boda boda kwa kidole kimoja tu, tukakaa wote wawili nyuma ya kijana mmoja aliyekuwa anaongea na simu, nami nikamwambia njiani habari hii yote, nikimpigia kelele sikioni juu ya injini. Lami ilikuwa laini kama meza. Upepo ulikuwa mzuri. Nilipofika kwenye habari ya mfereji mkubwa, Adhiambo alinigeukia akaniuliza kwa adabu kabisa, akiniita bibi kwa lugha ya nyumbani:

"Dani, sasa huo mlima uko wapi?"

Nilimgusa kijana begani nikamwambia asimame. Alishangaa, akasema bado hatujafika. Nikamwambia sisi tunashukia hapa. Tukashuka, jua la saa saba likiwa kichwani, mimi na magoti yangu ya miaka sabini na ushei, yeye na viatu vyake vyeupe, tukaanza kupanda kwa miguu. Mwanzoni alikuwa anaongea. Kufika mbele ya ofisi za serikali alikuwa amenyamaza, mkono kiunoni, mdomo wazi akitafuta hewa.

 Nilimpita nikaendelea kupanda.